Ufunguo Uliofungiwa Sandukuni

Tangu mwaka 1991, pale Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alipowatangazia walimwengu kazi yake, yaani Linux, kiini cha mfumo wa kuendeshea kompyuta, mashabiki wake hawakuacha kutuhubiria kwamba ni bure, ni huru, na kwamba hata mwanagenzi asiyeijua kompyuta ila kwa kuipangusa vumbi ataistarehea. Nami, niliye katika tabaka hilo la wapangusa vumbi, nikasadiki.

Nilipokwisha kuisakinisha nikataka intaneti, nikajibiwa kwa adabu kubwa kwamba kadi ya Wi-Fi haina programu ya kuiendesha, na kwamba programu hiyo, ambayo mwenye kiwanda hakuridhia undani wake ufunuliwe kwa kila mtu, yapatikana kwa wepesi kabisa: katika intaneti.

Fundi mmoja, kijana mwenye subira ya mvuvi, akanielekeza nifungue dirisha jeusi niandike "sudo", neno ambalo hadi leo sijui kama ni amri ama ni dua. Dirisha likataka nywila, na kila herufi niliyobonyeza haikuonekana, hata nikadhani nimerogwa.

Insafu yanilazimu kukiri kwamba watu wa Debian, mojawapo ya mifumo iliyojengwa juu ya Linux, baada ya kupiga kura mwaka 2022, wameanza kuzitia programu za namna hiyo katika kisakinishi chao, tangu toleo la 12 la mwaka 2023. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuokolewa na waya wa kuchajia simu, ulioipa kompyuta intaneti ya simu kwa dakika moja; na simu yenyewe ni ya Android, yaani chini ya ngozi yake imo Linux ileile, ambayo humo haijapata kunidai sudo.