Beberu wa Kamachumu na Rafiki Yake wa Kampala

Beberu wa Kamachumu, huko Muleba, alikuwa msomi. Ukitaka ushahidi ungemuuliza mwenyewe, na wala asingekuweka sana. Mapema mwaka 2016 alijuana simuni na rafiki wa Kampala: Korongo Taji, yule ndege wa kwenye bendera ya Uganda. Kwenye picha alisimama bustanini, taji la dhahabu linameremeta. Beberu naye hakujinyima. Alijitambulisha kuwa mwenye mashamba ya kahawa, mkazi wa ghorofa Bukoba mjini. Septemba ya mwaka huo tetemeko lilipobomoa banda analolala, alimwandikia: "Nyufa mbili tatu tu kwenye ghorofa, waitu. Mafundi wako kazini."

Miaka ikapita, urafiki ukakolea, hadi kikoba cha kijiji kikaona ni aibu msomi wao asiende kumwona mwenzake. Wakachanga nauli. Hakuna aliyewahi kumtia Korongo machoni, lakini Kanga, mweka hazina, alishaanza kumwita "shemeji yetu", na Bata alikuwa amekopa sukari dukani kwa jina lake. Wakamfungia msafiri senene wa kukaanga na kahawa za kutafuna, maana huendi kwa mtu mikono mitupu.

Stendi ya Bukoba, Beberu aliulizia kiti cha mbele. Konda akamfungulia buti. Humo alivuka daraja la Kyaka, lile ambalo majeshi ya Idi Amin yalilivunja mwaka 1978 yakidai kwamba mpaka ni Mto Kagera, wala hakuliona. Mutukula, mpakani, abiria walitoa hati zao za kusafiria, wakagongewa mihuri, wakapita. Yeye akadaiwa cheti cha daktari wa mifugo.

"Mimi ni mgeni rasmi," akasema.

"Hata mgeni rasmi anaugua ugonjwa wa miguu na midomo," akajibiwa.

Alivukaje? Mjini kila kitu kina bei, na nauli ya kurudi ikapungua hapo. Basi liliposimama Lukaya, wachuuzi walikimbilia madirishani na vijiti vya nyama choma, na harufu ikapenya mpaka kwenye buti. Beberu aliifahamu harufu ile kuliko alivyopenda. Alifumba macho hadi basi likaondoka.

Kampala walikuwa wameahidiana kukutana kwenye lango la bustani. Pale hapakuwa na taji lolote. Alikuwapo Kaloli, yule ndege wa majalalani: kipara chenye madoa, mfuko wa ngozi ukining'inia shingoni, miguu imepauka kwa mavi yake mwenyewe.

"Karibu, ssebo. Nilidhani utakuja na gari lako."

"Nami nilidhani utakuja na taji lako."

Wanaopenda hekaya za matapeli wanisamehe: hapa hakuna aliyeibiwa kitu. Walikaa tu, kila mmoja akiona uongo wa mwenzake ndio mkubwa. Kaloli akafungua senene, akawameza kwa mkupuo mmoja na kipande cha mfuko. Ndipo Beberu akauliza, "Agosti 2024 ulinyamaza siku nyingi. Ukasema ulikuwa mkutanoni Nairobi."

"Jalala la Kiteezi lilikuwa limeporomoka. Watu walifukiwa na nyumba zao. Mimi makazi yangu ni pale."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, ssebo? Wewe ulikuwa unamjua Korongo wa bustanini. Korongo ana shughuli gani jalalani?"

Beberu akatafuna kahawa, akatafuna nyingine. "Usiku wa tetemeko," akasema mwishowe, "nililala nje, natetemeka kuliko ardhi yenyewe."

"Na ghorofa?"

"Ghorofa gani, waitu?"

Walicheka mpaka mlinzi wa bustani akawafukuza. Siku zilizobaki Kaloli alimtembeza mgeni wake kwa njia za uchochoroni, mbali na majiko ya wachoma nyama, na jioni alimletea maganda ya matoke yaliyo safi, akiyachagua moja moja kwa ule mdomo wake mrefu.

Beberu aliporudi Kamachumu, kijiji kizima kilikuwa kimeketi chini ya migomba. Akaanza kueleza. Alikuwa ndio kwanza amefika kwenye neno "jalalani" Kanga alipogonga meza.

"Ndugu mjumbe, kikoba hakikuchangia jalala."

"Lakini ni rafiki yangu, na ana moyo..."

"Hilo tutalijadili kwenye mengineyo."

Mzee Kobe, katibu, akaandika muhtasari taratibu, akausoma kwa sauti: mjumbe alisafiri salama, alikaa kiti cha mbele, akapokelewa kwa heshima zote na Korongo Taji nyumbani kwake. Wajumbe wakapiga makofi. Beberu akatazama huku na huku, kisha naye akapiga.

Ndipo Bata aliponyoosha bawa, akauliza kama huyo Korongo ana mdogo wake ambaye hajaoa.