Masharti Bure, Matibabu kwa Pesa

Hapa Malukhu, mjini Mbale, mtu akiugua malaria hakuna anayeuliza kama anastahili kupona. Lakini isikike tu kwamba huna mtoto na daktari amekwambia utahitaji msaada wa maabara, ndipo utakapojua mtaa huu una wabunge wangapi. Mimi na mke wangu hatukumtangazia mtu. Tulimwambia shangazi yangu peke yake, naye akamwambia Mungu, kwa sauti, kanisani, Jumapili.

Tangu siku hiyo nikipita kwenye kibanda cha chapati kikao kinafunguliwa bila mwenyekiti. Fundi cherehani anataka kujua kama tulifunga ndoa. Kijana wa bodaboda anataka kujua tatizo ni la nani, ili lawama aipeleke mlango unaohusika. Baba mdogo, aliyeteremka kutoka Bududa na mikungu yake ya ndizi, hana swali, ana hukumu: damu ya ukoo haichanganywi ndani ya gilasi huko Kampala. Mzee huyohuyo ana watoto wengi hadi akiwaita hupitia majina manne kabla ya kufika kwa anayemtaka.

Na ukaja ule mswada. Sarah Opendi, wakati huo mbunge mwanamke wa Tororo, jirani yetu wa hapo chini tu, alipeleka bungeni Mswada wa mwaka 2023 wa kusimamia tiba ya uzazi. Sina ugomvi naye kwa hilo. Mtoto wa kwanza wa chupa wa Uganda alizaliwa 2004, katika hospitali binafsi ya Dakta Edward Tamale Ssali, na kwa miaka mingi iliyofuata kazi hii ilikwenda bila sheria yake yenyewe. Mahali panapokutana mayai ya watu, mbegu za watu na mamilioni ya shilingi za watu panahitaji mlinzi.

Ila mswada ulipofika Malukhu ulikuwa umebaki na swali moja: nani aruhusiwe? Ni mwanamume na mwanamke wanaoomba pamoja, daktari akithibitisha ugumba? Ni wenye ndoa tu? Na mjane je? Na dada aliyemsubiri mchumba mpaka mchumba akaoa kwingine?

"Wenye cheti cha ndoa, basi," akasema fundi cherehani huku akiyakodolea macho mayai ya chapati yangu.

Nikamuuliza chake kiko wapi. Yeye alioa kwa ng'ombe na mbuzi, kama mimi, kama karibu kila mwanamume aliyekuwa amekaa kwenye benchi lile. Sheria ya ndoa za kimila ya mwaka 1973 inawataka wanandoa wafike kwa msajili na mashahidi wasiopungua wawili, kabla ya miezi sita kupita tangu sherehe. Miezi sita! Huo ndio muda ambao bwana harusi wa Mbale hupita vichochoroni akiwakwepa waliomkopesha hema na viti. Atoke wapi na nauli ya kwenda kuandikisha ng'ombe ambao ukoo mzima uliwahesabu, ukawakagua meno na kumkataa mmoja?

"Ng'ombe wenyewe ndio cheti," akajitetea.

Nikamwambia awapeleke mapokezi ya hospitali, aone kama watapigiwa muhuri.

Kwa kutaka kuwanyamazisha, nikawaeleza mambo ya Uingereza, alikozaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza wa chupa duniani, Julai 1978. Mwongozo wao wa 2013 ulipendekeza kwamba mwanamke aliye chini ya miaka 40 alipiwe na serikali mizunguko mitatu kamili ya matibabu, na wa miaka 40 hadi 42 mzunguko mmoja. Halafu kila eneo linajitungia masharti, mengi yakitoa mzunguko mmoja tu, hivyo mtu anaweza kukosa kwa sababu ya anwani ya nyumba yake. Mwanamke anapimwa uzito. Na maeneo mengi huwakataa wenzi ikiwa mmoja wao tayari ana mtoto, hata kama ni wa uhusiano wa zamani.

Sikuwanyamazisha. Uzito? Hapa kwetu mke akipungua, wakwe wanakuja na ndoo ya malewa ya mianzi kuuliza kama mnakula. Na mtoto wa zamani? Kijana wa bodaboda, ambaye kabla ya hapo alikuwa mkali kuliko wote, ghafla alikumbuka kwamba kioo cha pikipiki yake kina vumbi.

Lakini Mwingereza akilalamika, analalamikia pesa ya umma: kwa nini yule kalipiwa na mimi sikulipiwa. Kwao sharti linakuja na hundi. Kwetu sharti linasafiri peke yake. Serikali yetu ilifuta malipo katika hospitali za umma mwaka 2001, na malaria yangu natibiwa nikibahatika kukuta dawa. Bima ya afya ya taifa tunaisikia kwenye hotuba. Mulago, hospitali ya serikali ya akina mama na watoto wachanga iliyofunguliwa 2018 na vitanda 450, ina tiba ya ugumba katika mpango wake, lakini hata huko mgonjwa anajilipia. Kwa hiyo tunapigania kiti cha mbele kwenye teksi ambayo haijatoka gereji, na nauli kila mtu ajitafutie.

Nauli yenyewe si ya mchezo. Mke anadungwa sindano ili mayai kadhaa yakomae kwa pamoja, yanatolewa, yanakutanishwa na mbegu, yanalelewa maabara siku chache, kisha kiinitete kinarudishwa tumboni. Kikikataa kushika, risiti hairudi. Tulipokwenda Kampala kuuliza bei, njiani pale Namawojjolo vijana walitusukumia kuku wa kuchoma dirishani nasi tukafunga kioo. Mtu anayekwenda kununua mayai yake mwenyewe hawezi kula kuku wa mwingine.

Kilichonikera zaidi ni alichosema daktari: kwa wanawake wengi wa Afrika wasiopata watoto mirija imezibwa na maambukizi ya zamani ambayo yangetibiwa mapema kwa vidonge vya kawaida. Wanaume nasi tumo, na kipimo chetu ni rahisi kuliko vyote, ila hatuendi kupima. Hakuna aliyewahi kufungua kikao cha chapati kujadili vidonge hivyo. Vingekuwa na masharti ya ndoa, labda vingejadiliwa.

Basi nami nikatunga kifungu changu. Bungeni, kanisani, kwenye ukoo na kwenye kibanda, kila mwenye sharti juu ya mtoto wangu aweke kwanza mchango mezani, ndipo aseme. Nikatandaza kofia juu ya benchi, nikasubiri.

Baba mdogo aliweka ndizi mbili. Kijana wa bodaboda aliwasha pikipiki. Fundi cherehani, mtetezi wa vyeti, alitoa noti ya elfu moja, akaikunjua taratibu ili wote waione, akaitumbukiza, kisha akaniomba nimrudishie mia tano.