Utoro Wenye Kalenda

Utoro wa wanafunzi wa Masasi na Newala, mkoani Mtwara, haukurupuki, unafuata msimu. Oktoba korosho zikianza kuanguka, mahudhurio nayo huanguka. Kwenye daftari la mwalimu, mtoto wa darasa la pili ni mtoro. Chini ya mkorosho, ndoo kando, akinyofoa korosho kwenye mabibo, ni nguvukazi isiyodai mshahara.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi ahakikishe aliyeandikishwa shule ya msingi anahudhuria mpaka amalize. Mzazi huyo mnada wa korosho wa vyama vikuu vya ushirika, TANECU au MAMCU, haumpiti, na bei ya kilo anaijua mpaka shilingi ya mwisho. Muulize mwanawe yuko darasa la ngapi: atamwita mama mtoto.

Januari 2016 serikali ilianza elimu bila ada. Baadhi ya wazazi wakaongeza yao: elimu bila kwenda.

Lakini jando na unyago ni habari nyingine. Huko mwali haruki siku, mchango haucheleweshwi, na hakuna anayesingizia homa.

Malipo ya korosho yakiingia, mtoto naye hukumbukwa: hununuliwa sare mpya, wiki moja kabla shule hazijafungwa.