Nywila ya Shemeji

Kuanzia Oktoba 2014 hadi Julai 2015, Mwingereza aliyenunua CD kwa hela yake aliruhusiwa na sheria kuinakili kwenye kompyuta yake mwenyewe. Kabla ya hapo ilikuwa kosa. Baada ya hapo ikawa kosa tena, maana wenye muziki walikwenda mahakamani na jaji akaifuta ile ruhusa. Uhalali ukadumu miezi tisa na ushei, kama mimba, kisha nchi nzima ikarudi kwenye dhambi zake. Sijakutana bado na Mwingereza anayejua kwamba yeye ni mkosaji.

Shemeji alijua. Shemeji, mume wa dada yangu, ni mtu wa Tanga mwenye mgahawa mjini Leicester, na ana ugonjwa ambao kwa wafanyabiashara wetu ni nadra: anasoma masharti. Mkataba wa simu anausoma wote. Kile kikaratasi kilichokunjwakunjwa ndani ya boksi la dawa ya kichwa anakisoma mbele na nyuma, na kichwa kinazidi kumuuma. Kwa hiyo siku alipoleta mgahawani jukiboksi kuukuu, lile sanduku la baa unalotumbukiza sarafu, ukabonyeza namba, nalo likaimba, nilijua tumekwisha.

Kwa haki, sanduku lenyewe lina historia ya kumtia mtu wazimu. La kwanza kuingiza pesa liliwekwa na Louis Glass kwenye baa moja ya San Francisco mwaka 1889. Lilikuwa na mirija minne ya kutia masikioni, kila mrija na tundu lake la sarafu, kwani spika za umeme zilikuwa bado hazijaja. Sheria ya Marekani ya 1909 ikayasamehe masanduku ya sarafu yasiwalipe watunzi chochote, na msamaha huo haukufutwa mpaka ilipokuja sheria ya 1976, ikayatoza dola 8 kwa mwaka, kila moja. Dola nane! Shemeji alipoisikia bei hiyo aliuliza kama kuna namna ya kurudi.

Namna haikuwepo. Sanduku lake lilikuwa tupu tumboni, mashine ya santuri imeng'olewa zamani, na kazi ya kutia kompyuta ndani nikapewa mimi. Katika ukoo wetu mimi ndiye fundi kompyuta, cheo nilichokipata kwa kuunganisha printa ya mtu ikakubali.

Leseni ya kwanza, ya kupiga muziki mbele za watu, haikuwa na mizungu. Tangu 2018 mashirika mawili ya haki za muziki Uingereza yana leseni moja ya pamoja, na ofisi inayoitoa iko Leicester hapo hapo. Lakini jukiboksi la kompyuta halipigi CD. Linapiga nakala ya CD, na nakala ina ruhusa yake ya peke yake na masharti yake ya peke yake. Sharti lililompendeza Shemeji kuliko yote ni hili: nyimbo zikae ndani ya mashine zikiwa zimesimbwa kwa njia fiche, mtu asije akachomeka flashi akaondoka nazo. Alilisoma kwa sauti, mbele ya wateja.

Tukaanza kukusanya CD halali, zenye jalada na risiti. Feki Shemeji hakutaka hata ipite mlangoni. Msaada mkubwa tuliupata kwa mzee mmoja wa Kigujarati, mzaliwa wa Jinja, anayekula mishkaki yake hapo kila Jumamosi. Alikuja mwaka 1972, Rais Idi Amin alipowafukuza Wahindi Uganda. Mwaka huo halmashauri ya Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije, mji hauna nafasi. Mzee anasema alikuwa hajawahi kulisikia jina la Leicester mpaka alipolisoma kwenye tangazo hilo, akaona mji unaojitaja hivyo lazima una kitu. Yeye ndiye aliyeshikilia kwamba sanduku bila taarabu ya Siti binti Saad si sanduku. Siti alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na kwa hesabu za mzee jambo hilo linamfanya awe jamaa yake wa karibu.

Kusimba kwenyewe nilimweleza Shemeji wakati kompyuta inasaga. Tunatumia mfumo wa AES, nikamwambia, waliobuni ni Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na Marekani iliufanya kiwango rasmi mwaka 2001. Ufunguo wake una biti 256. Ukitaka kuhesabu funguo zote zinazowezekana utapata namba ya tarakimu 78. Mwizi akizijaribu moja moja, na kompyuta zote za dunia zimsaidie, jua litazimika kabla hajafika popote. Shemeji akaniomba nirudie hapo kwenye jua.

Tatizo ni kwamba binadamu hawezi kukariri tarakimu 78, kwa hiyo ufunguo nao hufichwa nyuma ya nywila, na nywila huchaguliwa na mtu. Shemeji aliichagua mwenyewe, kiganja kimoja kikikinga kibodi, jicho likiwa kwangu. Halafu akakata tiketi ya kwenda kumwona mama yake Tanga.

Jumamosi aliyosafiri tulikuwa na sherehe ya kumuaga bi harusi. Ukumbi umejaa, kina mama wamevaa sare, na jikoni mpishi akatafuta tundu la umeme la brenda. Akalipata nyuma ya jukiboksi. Juisi ya ukwaju ilitoka nzuri. Sanduku lilipochomekwa tena likaonyesha kidirisha kidogo cheupe: ingiza nywila.

Dada akasogea mbele, akaandika jina lake bila wasiwasi wowote. Likakataliwa. Akaliandika tena, safari hii kwa herufi kubwa. Wanawake waliokuwa nyuma yake wakaanza kutazama dari. Majina ya watoto yakakataliwa, tarehe ya ndoa ikakataliwa, na dada akaishika ile tarehe moyoni kwa mazungumzo ya baadaye. Mzee wa Jinja akaleta methali, ambazo zilizua ugomvi wa tahajia. Ndipo meza ya pembeni ikainuka. Hiyo ni meza ya mashabiki wa klabu ya soka ya Yanga, chini ya bendera ya kijani na njano, na Shemeji ndiye mweka hazina wa tawi lao. Wakaandika kaulimbiu ya klabu, Daima Mbele, Nyuma Mwiko, kwa kuunganisha, kwa kutenganisha, na kwa alama ya mshangao. Kila nywila ikikosewa, kompyuta ilisubirisha zaidi kabla ya kukubali nyingine.

Ikabidi kijana mmoja atoe spika ya bluetooth na simu yake. Bi harusi akaingia kwa madaha, akafika katikati ya ukumbi, na wimbo ukakatwa na tangazo la bima ya mbwa.

Ndege ya Shemeji ilipotua Addis Ababa, alikuta simu za dada zimejaa. Akapiga. Dada akaweka sauti kubwa.

"Nywila ni nini, baba watoto?"

"Toa spika."

"Nimetoa."

"Nasikia watu."

"Basi nitumie meseji."

"Nywila haiandikwi popote. Nimekwisha kuwasomea masharti." Kimya kidogo, kisha sauti ikashuka. "Simba. S kubwa. Halafu Nguvu. Halafu Moja."

Kaulimbiu ya Simba, mahasimu wa Yanga. Kwenye meza ya pembeni mtu aliweka glasi yake chini polepole. Mwingine akamtaka dada amwombe arudie, huenda mtandao ulikuwa mbaya. Mtandao ulikuwa safi. Kutoka Addis Shemeji alikuwa ameanza kujitetea: "Sasa nyie, nani kati yenu angekisia?" Na ukweli ni kwamba Wabelgiji wote wawili wasingekisia.

Sanduku likafunguka, muziki ukapigwa, na kwa mara moja ukumbi mzima ukanyanyua simu na kurekodi. Nyimbo tulizozifunga kwa tarakimu 78 zilitoka kwenye spika, zikaingia kwenye simu, na kabla ya wali kupakuliwa zilikuwa zimeshafika Dar, Muscat na Toronto kwa WhatsApp, ambayo nayo, kama inavyojulikana, husimba kila kitu kwa njia fiche. Masharti hayasemi lolote kuhusu hewa.

Aliporudi, tawi lilimwita kikaoni. Alikwenda na katiba ya tawi, ambayo inaonekana ni yeye pekee aliyewahi kuisoma, akawaonyesha kwamba hakuna kifungu chochote kinachogusa nywila za wanachama. Wakamwachia uhazina, ila abadilishe hiyo nywila siku hiyo hiyo, na amebadilisha. Dada ameambiwa ya sasa ni jina lake, na anatembea mgahawani kifua mbele. Sijamwambia kwamba nimeijaribu.