Mpe Mtandao Pepe Chumba Chake: Mwongozo kwa Mwandishi wa Kerneli

Ewe mwandishi wa kerneli, kabla hujagusa kibodi, kubali jambo moja: mtandao pepe si kadi ya mtandao iliyopewa jina jipya. Kadi ni mahali paketi zinapoingilia na kutokea, basi. Mtandao una jedwali lake la njia, anwani zake, sheria zake za ukuta wa moto na poti zake. Ukivichanganya viwili hivi utapata mashine yenye kadi mia tano zinazogombania jedwali moja, na msimamizi wa seva atakutaja saa nane za usiku, wala si katika dua njema.

Fanya kama Linux ilivyofanya tangu toleo la 2.6.24, Januari 2008, ilipoanza kuleta nemspesi za mtandao. Ni nyumba ya kupanga: kila mpangaji ana chumba na kufuli lake, na anayeendesha tovuti kwenye poti 80 hamkeri jirani anayeendesha yake kwenye poti 80 vilevile. Kila chumba huja na kadi ya lo iliyozimwa. Iwashe, la sivyo hata 127.0.0.1 haitaitika.

Sasa vyumba vinahitaji kuwasiliana, na hapa ndipo ninapoipenda kazi hii. Chukua veth, kadi mbili zinazozaliwa pamoja: paketi ikitumwa kupitia hii inatokea kwa mwenzake, na ukifuta moja, ya pili inatoweka papo hapo. Moja itie ndani ya nemspesi, uiite eth0. Ya pili ibaki nje, uifunge kwenye daraja, ile swichi inayoishi ndani ya kerneli. Programu iliyomo ndani itaiona eth0, itaikubali, itaendelea na shughuli zake bila kuuliza ukoo. Kontena za Docker huunganishwa hivyohivyo kwenye daraja liitwalo docker0. Usione haya kuidanganya programu namna hii. Tcpdump, iliyoandikwa miaka mingi kabla ya kontena hizi, inafanya kazi humo bila kubadilishwa hata herufi. Kuwaheshimu waliotangulia ndiko huko.

Kuna atakayesema anataka jedwali la njia tu, si chumba kizima. Msikilize, ana haki. Ruta yenye wateja mia, wote wakitumia anwani za 10.0.0.0/8, haina sababu ya kuendesha nakala mia za programu ileile. Kwa ajili yake toleo la 4.3 la mwaka 2015 lilileta VRF, nayo ikapewa umbo la kadi: kadi nyingine huwekwa chini yake, na soketi ikifungwa kwayo hufuata jedwali lake. Pamoja na ukali wangu wote juu ya kuchanganya kadi na mtandao, hii naikubali, kwa sababu haidai zaidi ya inachofanya. Kilichotenganishwa ni njia. Yeyote atakayekuuzia VRF kama chumba chenye kufuli, mfukuze.

Namba zipange mapema. Jina la kadi kwenye Linux halizidi herufi 15, kwa hiyo sahau “mtandao-wa-idara-ya-uhasibu”. Kitambulisho cha VLAN kina biti 12, yaani mitandao 4,094 inayotumika. VXLAN ina biti 24, zaidi ya milioni 16, lakini ina ushuru wake: baiti 50 kwa kila paketi ya IPv4. Mtandao wa chini ukibeba 1,500, kadi pepe iambie ukweli kwamba imebakiwa na 1,450. Usipoiambia, ping itapita vizuri huku kurasa za tovuti zikiganda, na watu watabadilisha kebo zisizo na kosa lolote.

Kisha amua mapema nani anazika. Nemspesi iendelee kuishi maadamu kuna mchakato au soketi inayoishikilia, na soketi ibaki mtandao ilikozaliwa hata mchakato ukihamia kwingine. Nemspesi ikifa, veth zife nayo. Kadi halisi usiizike: irudishe kwenye nemspesi ya awali. Ikikuta jina lake limeshachukuliwa, Linux huibatiza dev na namba yake. Basi ukiikuta dev7 asubuhi, usiifute. Ipe jina lake, uiwashe.