Washukiwa Saba wa Oili Inayovuja Kwenye Pikipiki

Umesogeza pikipiki asubuhi, chini pana doa jeusi, na jirani keshatoa hukumu: "Hiyo gasketi ya hedi." Mshukuru, mwambie akanywe chai, halafu osha injini. Injini iliyoganda tope na oili ya mwezi uliopita haitoi ushahidi. Iache ipoe, isugue kwa brashi na sabuni ya unga, suuza, ikauke kabisa. Nyunyiza poda ya mtoto kwenye maungio yote, tandika boksi chini, kisha washa kwa dakika kama kumi. Poda itakapoanza kulowa, hapo ndipo pa kumkamatia mtu.

Ukikagua baada ya safari, kumbuka oili hushuka na upepo huisukuma nyuma. Mwenye kosa huwa juu na mbele ya pale palipoloa. Haya, tuhesabu kushuka. Ukipinga mpangilio wangu, njoo na poda yako.

7. Shokapu za mbele
Hata si za injini, lakini lawama zinaifikia. Ukiona duara la oili kwenye bomba linalong'aa, sili imechoka, au mchanga tu umenasa chini ya mdomo wake. Pandisha kifuniko cha vumbi, pitisha kipande chembamba cha plastiki laini kuzunguka bomba, futa, jaribu tena. Ikiendelea, badilisha sili kabla oili haijafika kwenye breki.
Hukumu: kesi ya mahakama nyingine.

6. Gasketi ya hedi
Najua, hapa ndipo ugomvi unapoanza. Wengi mngempa namba moja. Lakini kwenye injini nyingi ndogo za silinda moja, juu ya hedi kuna vifuniko vya tapeti, na kila kimoja kina ringi ya mpira. Joto likiukausha mpira, oili inateremka kwenye mapezi ya silinda, na gasketi iliyo chini inasingiziwa. Badilisha ringi kwanza. Kufungua hedi ni kazi ya mwisho.
Hukumu: jina kubwa, makosa machache.

5. Sili za kiki na gia
Ndogo, za bei nafuu, na kwenye injini nyingi zinang'olewa kwa nje bila kupasua mashine. Paka oili kwenye mdomo wa sili mpya na uingize ikiwa imenyooka.
Hukumu: kazi ya jioni moja.

4. Sili ya sproketi ya mbele
Huyu mjanja. Anajificha nyuma ya kava, ndani ya tope la grisi ya cheni, kwa hiyo kila mtu anadhani ni uchafu tu. Ukibadilisha sili, angalia na cheni. Cheni iliyokazwa kama gitaa huvuta shafti, hula beringi, na sili mpya inakufa njia ileile. Pikipiki nyingi hutaka cheni icheze sentimita mbili hadi tatu.
Hukumu: ana mshirika, wakamate wote wawili.

3. Kava la klachi lililopakwa silikoni
Silikoni unayoiona imefurika nje ya ungio ina pacha wake ndani. Kipande cha ndani hukatika, kikaelea, kikaishia kwenye chujio la oili, na injini inaanza kukosa oili juu huku imejaa chini. Nunua gasketi ya karatasi. Kwangua ya zamani kwa kipande cha plastiki au mti. Bisibisi huchimba alumini, na kila mchubuko ni mfereji mpya. Boliti za kava hazilingani urefu, basi chora kava kwenye boksi na uchomeke kila moja mahali pake. Kaza kwa kukatiza, upande huu kisha ule, bila kutumia nguvu za bega.
Hukumu: dawa iliyogeuka ugonjwa.

2. Oili iliyozidi
Pikipiki imeegemea stendi ya pembeni, kijiti kinasomeka pungufu, mtu anaongeza. Ikinyooka, imezidi. Oili iliyozidi huchapwa na krenki mpaka ikatoa povu, kisha inatokea kwenye mpira wa kupumulia. Na mpira huo ukiziba, presha inasukuma kila sili iliyo dhaifu. Unaweza kubadilisha sili zote na bado ikavuja! Pima kwa stendi kubwa, kwenye sakafu tambarare, injini ikiwa imetulia dakika chache.
Hukumu: mkorofi asiye na tundu.

1. Boliti ya kumwagia oili
Ndiyo, huyu. Kila ukimwaga oili anafunguliwa, na washa yake iliyokwisha bapa inarudishwa ilivyo. Ikivuja, anakazwa zaidi. Ikivuja tena, anakazwa kwa spana ndefu, mpaka nyuzi za alumini zinaliwa. Nampa taji kwa sababu ya mahali alipo: chini kabisa, mbele ya tairi la nyuma. Oili kwenye tairi hilo, kwenye kona, ukiwa na abiria mgongoni, si suala la usafi tena.
Weka washa mpya kila unapobadilisha oili. Futa uso wa boliti, anza kwa vidole, malizia kwa spana fupi. Nyuzi zikiwa zimeliwa, usifungie utepe: mpe fundi achonge uzi mpya.
Hukumu: kinara, kwa kishindo.

Nje pakavu, oili inapungua, na moshi ni wa bluu? Hiyo haivuji, inaungua. Angalia ringi za pistoni na sili za valvu, usimsumbue kinara wangu. Na wewe wa gasketi ya hedi, bado nakusubiri na poda yako.