Feni Iliyorukuu

Zamani zile ambapo haja nyingi za nyumba zilitimizwa katika maduka ya Biashara Street mjini Mombasa, mshitiri hakutoa fedha yake mpaka aikunjue leso, aipime kwa mikono, aiinue kwenye mwanga na kuitia ila hata zile isizokuwa nazo. Na mwenye duka aliyastahamili yote hayo kwa bashasha, maana alijua ya kuwa leso ikichuja rangi inapofuliwa mara ya kwanza, habari zake zitafika Kibokoni kabla ya adhuhuri na yeye hatakuwa na pa kujificha. Maduka makubwa ya siku hizi, yenye ghorofa tatu, ngazi ziendazo zenyewe na baridi ya kutengenezwa, yamemwondolea mteja taabu zote za kununua, nazo taabu hizo zikakusanywa na kuwekwa akiba kwa siku atakayotaka kurudisha.

Kaskazi ilipoingia na joto lake, ambalo humgandisha mtu na shuka yake kabla ya alfajiri, nilikwenda katika mojawapo ya maduka hayo, ambalo kwa staha sitalitaja jina, kununua feni ya kusimama. Kijana aliyenihudumia alikuwa na ufasaha ambao ungemfaa wakili: alinieleza ya kwamba feni ile ni orijino, kwamba ina mwendo wa aina tatu, kwamba dhamana yake ni ya mwaka mmoja, na kwamba haifai kufunguliwa dukani, kwa sababu boksi likishapasuliwa mali huvunjika heshima.

Nyumbani feni ikaungwa, ikawashwa, ikazungusha mapanga yake vizuri. Kisha kichwa chake kikaanza kuinama polepole, kwa adabu, hata kikatazama sakafu, na hapo kikatua. Tulikiinua, kikainama, tulikifunga kwa kitambaa, kikainama pamoja na kitambaa. Mama mkwe wangu, bibi mcha Mungu aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Lamu, aliitazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, feni yenu hii imerukuu, na sioni kuwa ina nia ya kuitadili." Ikawa hatuna budi kutandika mkeka na kulala sakafuni, kuufuata upepo ulikokwenda, na wageni waliotuzuru wakadhani tumerudia mila za wazee.

Nikaamua kuirudisha. Bawabu, aliyeniaga kwa taadhima siku nilipotoka na feni, sasa aliponiona naingia nayo alinizuia mlangoni, akaniuliza, "Mzee, hii umeitoa wapi?" kana kwamba duniani wamepata kuwako wezi wanaoiba kwa kuleta. Meza iliyoandikwa Huduma kwa Wateja ilikuwa na maandishi hayo mazuri, kiti, na msichana aliyekuwa akizungumza kwa simu juu ya harusi. Alipozimaliza habari za bibi harusi, na kabla hajaingia katika keki, alinielekeza kwa yule aliyeniuzia. Aliyeniuzia nikamkuta amehamishwa. "Mzee wangu, mimi siku hizi ni wa unga," alisema, na ule ufasaha wake wote wa mambo ya umeme ulikuwa umebaki upande wa pili wa duka. Mkubwa wake naye alishikilia ya kuwa kosa ni la mwagizaji, aliyeko Nairobi, akaniuliza kwa utulivu kama sitaweza kuipeleka huko. Nami nikawa nawaza kama katika treni ya Mombasa hadi Nairobi iliyoanza safari zake mwaka 2017, kwa mwendo wa karibu kilomita 480, feni iliyoinamisha kichwa hukatiwa tikiti ya mtu mzima au ya mtoto.

Hatimaye akatokea meneja, mtu mpole, akasema ya kuwa dhamana ni ya mwaka mzima na haina shaka, ila sharti niionyeshe stakabadhi. Nikaitoa katika pochi, nikaikunjua: nyeupe tupu. Stakabadhi za maduka haya haziandikwi kwa wino. Mashine huitia joto karatasi iliyopakwa dawa, na karatasi hiyo ikikaa katika mwanga, unyevu, mafuta ya mkono au plastiki ya pochi, maandishi yake hufifia mpaka yakatoweka. Yaani duka limetoa ahadi ya mwaka mmoja, na likaiandika juu ya karatasi isiyostahimili kaskazi moja.

Nilipotaka kuhoji, meneja alinyosha kidole kuelekea kibao: Mali ikishauzwa hairudishwi. Kibao hicho kimetundikwa juu sana, labda ili kisifikiwe na Katiba, maana ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora wa kuridhisha, pamoja na fidia ya hasara itokanayo na kasoro zake, na mwaka 2012 ikatungwa sheria mahsusi ya kumlinda. Tena karne nyingi kabla ya hayo, mafakihi wa Kiislamu, ambao vitabu vyao vilidarisiwa katika pwani hii kabla umeme haujajulikana, walikwisha kupitisha ya kwamba aliyeuziwa kitu chenye aibu asiyoijua ana hiari ya kukirejesha na kurudishiwa thamani yake. Wala sikupata kusikia mwanachuoni aliyeshurutisha boksi liwe halijapasuliwa.

Alhasili feni ilitengenezwa na fundi wa mtaani, ambaye kwa parafujo moja ya shilingi 20 aliisimamisha wima, na kazi hiyo ilikwisha upesi kuliko yale mazungumzo ya harusi. Na hiyo ndiyo siri ya maduka haya: hoja hawana, lakini subira wanayo, nao hungoja mpaka mteja achoke, na sisi watu wa pwani, tunaoona haya kugombana hadharani, huchoka mapema. Basi, ndugu msomaji, ukinunua chombo cha umeme usione haya hata kidogo: taka kifunguliwe mbele ya macho yako, kiwashwe, kiinuke na kuinama, stakabadhi itoe nakala siku ile ile, na wakikuonyesha kibao, nawe waonyeshe ibara ya 46.